Kutunga Muziki Mpya wa Kiminangkabau Unaobeba Ustahimilivu wa Mama Anayelea Peke Yake: Mwongozo Kamili

Kazi nyingi mpya za muziki wa Waminangkabau, watu wa Sumatra Magharibi nchini Indonesia, kuhusu mama anayelea peke yake huanguka mahali palepale. Mtunzi anachukua filimbi ya saluang, anaweka mwimbaji wa kike mwenye sauti ya majonzi, anatia patu za talempong nyuma kama pambo, kisha anaandika kwenye karatasi ya onyesho kwamba muziki huu unahusu ustahimilivu wa mama. Msikilizaji anarudi nyumbani na huruma tu. Hajamsikia mtu aliyestahimili chochote, amemsikia mtu anayelia.

Mwongozo huu ni wa mtunzi aliyekwisha kujaribu na hakuridhika. Huenda wewe ni mwanafunzi wa kigeni uliyeko kwenye chuo cha sanaa cha Padangpanjang kwa ufadhili wa masomo kama Darmasiswa, au kundi lenu linashirikiana na wanamuziki wa Sumatra Magharibi. Msimamo wangu ni mmoja: ustahimilivu ukae ndani ya mapigo yenyewe. Hata ukiyaondoa maneno yote, msikilizaji bado asikie mtu aliyeachiwa mzigo na akaubeba.

Vitu utakavyohitaji

- Talempong tano au sita za kushika mkononi. Hizi ni patu ndogo za shaba zenye kitovu katikati, kipenyo chake kama sentimita 17. Tafuta seti ya nagari, yaani ya kijiji chenye desturi yake. Usianze na seti ya kreasi, yaani ya utunzi wa kisasa, iliyopangwa kwa skeli ya Kizungu. Sauti zake zitakuvuta kwenye nyimbo za redio kabla hujaanza kazi.
- Rea ndogo, yaani kichanja cha mbao cha kulazia patu, yenye nafasi mbili na kimo cha kiunoni. Utaona umuhimu wake katika hatua ya nne.
- Wapigaji watatu waliozoeana. Yule wa sehemu ya paningkah, utakayoiona katika hatua ya nne, awe mwanamke, na awe fundi kuliko wenzake wote.
- Saluang, filimbi ya mwanzi yenye matundu manne, pamoja na mpigaji anayemudu kupumua kwa mzunguko, yaani kuvuta hewa puani huku akipuliza bila kukatika.
- Mwimbaji wa dendang, yaani nyimbo za Kiminang za kuandamana na saluang, aliyekulia kwenye lugha ya Kiminang.
- Gandang moja, ile ngoma ya nyuso mbili.
- Kinasa sauti. Simu nzuri inatosha kwa kazi ya awali.
- Miezi mitatu au minne. Ukiwa na wiki mbili tu, tunga kitu kingine.

Hatua ya 1: Mjue mama unayemtungia

Kuna mjane, kuna mtalaka, na kuna yule ambaye mume wake alikwenda rantau, yaani ugenini, kutafuta maisha na hajarudi wala hajatoa talaka. Hawa watatu hawabebi kitu kimoja. Mjane anapikiwa na majirani. Mtalaka anasemwa na majirani haohao. Wa tatu hana hata jina la hali yake. Chagua mmoja.

Kisha mweke mahali pake katika adat, yaani mila zao. Waminangkabau wa kubuni hawatakusaidia. Waangalie hawa walio hai. Wao hufuata ukoo wa mama: mtoto ni wa suku ya mama yake, na nyumba na mashamba ya urithi wa ukoo hupitia kwa wanawake. Mume ni sumando, mgeni katika nyumba ya wakweze, na methali yao humfananisha na majivu juu ya kisiki: upepo ukija, yanapeperuka. Ndoa ikivunjika, anayeondoka ni mwanamume.

Kwa hiyo picha ya mama aliyefukuzwa na watoto mvuani haiwahusu sana. Mama wa Kiminang mara nyingi nyumba anayo. Kinachomlemea ni kingine. Adat inasema kaka yake, yaani mamak, ana wajibu kwa wapwa zake, lakini mamak huyo siku hizi yuko Pekanbaru au Jakarta na ana wanawe wa kusomesha. Adat inamwita mwanamke Bundo Kanduang, nguzo ya nyumba kubwa, huku Sheria ya Ndoa ya Indonesia ya 1974, kifungu cha 31, ikitamka kwamba mume ndiye mkuu wa familia. Anasifiwa jukwaani siku ya sherehe, na ananong'onwa sokoni siku ya pili yake.

*Onyo:* usitunge wimbo wa kumsifu Bundo Kanduang ukadhani umemaliza. Sifa hizo amezisikia tangu utotoni, na hazijamlipia ada ya shule ya mtoto hata mmoja.

*Utajua umefaulu* ukiweza kueleza kwa sentensi mbili: nani aliondoka, na ni kazi gani aliiacha bila mtu.

Hatua ya 2: Nenda ukasikilize kabla ya kuandika noti

Kaa na akina mama wawili au watatu wanaokubali kuzungumza nawe. Aliyekuzidi umri kidogo mwite Uni. Aliye rika la mama yako mdogo mwite Etek. Nenda na mtu wa kwao wa kukutambulisha. Usianze na maswali ya talaka. Uliza anaamka saa ngapi, anafanya nini kwanza, na kazi gani alikuwa haifanyi zamani ambayo sasa anaifanya.

Swali hilo la mwisho ndilo linalozaa muziki. Majibu yake huwa ya vitendo: kubeba mtungi wa gesi, kwenda kikao cha shule, kupanda kwenye paa linalovuja, kukaa na wazee wa ukoo penye suala la shamba.

Rekodi pia mikono yake. Kama ni mfumaji wa songket, kitambaa cha nyuzi za dhahabu, kule Pandai Sikek, sogeza kinasa sauti karibu na kitanda cha kufumia: utasikia uzi ukipita kimya, kisha ubao ukigonga mara mbili, kisha kimya kirefu anapohesabu nyuzi za dhahabu kwa ncha ya kidole. Kama anapika na kuuza, rekodi jiwe la batu lado likisaga pilipili, kuanzia mkwaruzo mkavu hadi mlio mzito pilipili inapolainika. Kazi ya mtu ina mwendo wake, na utauhitaji utakapochagua kasi ya wimbo.

*Onyo:* pata ridhaa yake waziwazi, kwa sauti yake, iliyorekodiwa. Usitumie jina lake, jina la mtaa wake, wala kisa kitakachowafanya majirani wamtambue. Nagari ni ndogo. Na usilitumie kirahisi neno "janda" (mjane au mtalaka) kwenye jina la kazi au kwenye tangazo. Kwa Kiindonesia neno hilo limebeba dhihaka nyingi mno.

Hatua ya 3: Chagua mzizi mmoja, ujifunze kwa mwili

Kosa la pili kwa ukubwa ni kutaka kila kitu: talempong, rabab (fidla), ngoma za tambua za Pariaman, randai (mchezo wa jukwaani), na makofi ya suruali pana za galembong, vyote ndani ya dakika kumi. Msikilizaji wa Kiminang akisikia mchanganyiko huo anajua mara moja kwamba mtunzi amepita dukani, hajakaa nyumbani kwa mtu.

Chagua mzizi mmoja. Upo wa talempong wa Unggan, wilaya ya Sijunjung, ambao wapigaji wake hasa ni wanawake, wameketi na patu zimepangwa kwenye rea. Upo alu katentong wa Padang Magek, Tanah Datar, ambamo wanawake hugongesha michi kwa kupokezana. Mimi napendekeza talempong pacik, ule wa kushika mkononi, kwa sababu umbo lake ndilo litakalofanya kazi ngumu kuliko zote katika kazi yako.

Katika talempong pacik wapigaji ni watatu. Kila mmoja hushika patu zake, kwa kawaida mbili, kwa mkono wa kushoto na kupiga kwa kijiti cha kulia. Hakuna anayepiga wimbo mzima. Wimbo unazaliwa mapigo yao yanapoingiliana, huyu akijaza nafasi aliyoiacha yule. Aliyewahi kupiga amadinda, zile marimba za magogo za Buganda, ataielewa siri hii siku ya kwanza.

Jifunze wimbo mmoja wa asili, sehemu zote tatu, kwa mwalimu wa nagari. Usiuandike kwanza. Uweze kuupiga ukitembea, maana huu ni muziki wa maandamano ya harusi na sherehe.

*Utajua umefaulu* ukiweza kupiga sehemu yako huku ukiimba ya mwenzako. Usipoweza, usiende hatua ya nne. Itakuvunjikia mkononi.

Hatua ya 4: Ondoa mpigaji mmoja

Hapa ndipo penye moyo wa kazi, kwa hiyo twende taratibu.

Sehemu tatu za pacik chuoni Padangpanjang huitwa dasar (msingi), paningkah (wa kujibu) na anak (mtoto), ingawa majina hubadilika nagari hadi nagari; kwingine utasikia jantan (dume) na batino (jike). Katika kazi hii paningkah ndiye mama. Chukua mzunguko wa mapigo manane. Mfano huu nimeupanga kwa ajili ya zoezi tu, si wimbo wa nagari yoyote:

Dasar: 1 – – – 5 – – –
Anak: – 2 – 4 – – 7 –
Paningkah: – – 3 – – 6 – 8

Wakipiga wote, nafasi nane zimejaa na sikio linasikia mtiririko usio na pengo. Sasa fuata ngazi hizi.

*a) Mjenge msikilizaji.* Pigeni wote watatu mpaka asiyeujua muziki huu aanze kutikisa kichwa. Usikimbie. Asiyezoea kitu kizima hataona kilichopungua.

*b) Dasar aondoke.* Asimalize mzunguko. Apige pigo la 1, pigo la 5 lisije. Alaze patu zake kwenye rea, pembeni mwa paningkah upande wa kulia, kisha atoke bila kuigiza chochote. Usimfanye mwovu, huenda amekufa, huenda amekwenda rantau. Muziki haumhukumu.

*c) Acha mashimo.* Sasa nafasi ya 1 na ya 5 ni tupu. Anak na paningkah waendelee na sehemu zao kama zamani, bila kuongeza hata pigo moja, kwa muda wa dakika nzima. Watunzi wengi hushindwa hapa: wanaogopa utupu, wanauziba kwa gandang au saluang. Usiuzibe. Pigo la 1 ndilo lililokuwa ardhi ya wimbo, na bila hilo mapigo mengine yote yanasikika kana kwamba yamechelewa.

*d) Paningkah achukue la 5.* Sasa anapiga 3, 5, 6, 8. Kwa mara ya kwanza ana mapigo mawili mfululizo, 5 na 6, na lile la 5 liko kwenye upatu uliolazwa kwenye rea. Kijiti chake kinatoka kwenye patu za mkononi, kinakwenda kulia, kinarudi kwa wakati. Ukiweka metronomu 90, mapigo mawili kwa kila mlio, safari ya kurudi, kutoka la 5 hadi la 6, ina theluthi moja ya sekunde. Mwanzoni atachelewa. Mwache achelewe mbele ya watu, mizunguko kadhaa, pigo la 5 likija nusu hatua nyuma ya mahali pake, kisha kidogo kidogo lisogee hadi likae sawa.

*e) Achukue na la 1.* Anapiga 1, 3, 5, 6, 8. Tazama pigo la 8 na la 1 vinavyofuatana: anafunga mzunguko na kuufungua mwingine papo hapo, hana pa kupumzikia. Ishini humo. Hii ndiyo sehemu ndefu kuliko zote katika kazi yako, na ndiyo inayosema kila kitu ulichokuja kusema.

*f) Anak alichukue la 5.* Baada ya muda mrefu, na bila kutangaza, anak aingize pigo la 5 kwenye sehemu yake. Si lazima awe na upatu wa dasar. Apige kwa sauti yake mwenyewe, ya juu. Wimbo unabaki mzima, lakini si ule wa mwanzo. Usimrudishe dasar. Nimesikia kazi zilizomrudisha mwishoni ili mambo yaishe vizuri, na zote zilimnyang'anya mama alichokijenga.

*Maonyo:* kasi isishuke paningkah anapobeba sehemu mbili. Ikishuka, wasikilizaji wataona mtu aliyeshindwa. Isipande pia, kwa sababu hapo itaonekana sarakasi. Na asitabasamu wala kukunja uso. Mkono wake unaeleza vya kutosha.

*Utajua umefaulu* hivi: mrekodi paningkah katika ngazi ya (e), umpe mtu asikilize akiwa amefumba macho. Akikuambia anasikia watu wawili au watatu, umefika. Akisema anasikia mtu mmoja anayehangaika, rudini mazoezini.

Hatua ya 5: Sauti na maneno

Maneno yaje baada ya ngazi ya (e) kukaa sawa. Dendang hujengwa kwa pantun: mistari minne, vina vya kupishana, miwili ya kwanza ikileta picha na miwili ya mwisho ikileta ujumbe. Mtunzi wa mashairi ya Kiswahili hatapotea humu. Kwa mfano tu wa umbo:

Mpunga umeinama,
maji yajaa shambani;
mlangoni kwake mama
taa haizimwi ndani.

Maneno yenyewe yaandikwe kwa Kiminang na mwimbaji wako, kutokana na vitendo ulivyokusanya katika hatua ya pili. Usiandike wewe kwa Kiindonesia ukampa atafsiri. Picha ya mpunga, ya mtungi wa gesi au ya uzi wa dhahabu ina nguvu kuliko neno "ustahimilivu" likirudiwa mara kumi.

Kama mwimbaji mwenyewe analea peke yake, yeye ndiye mwenye uamuzi wa mwisho juu ya kila mstari. Wanawake wanaoimba kwenye bagurau, kule dendang na saluang zinakokwenda hadi alfajiri, wanayajua maneno ya watu kuliko mtunzi yeyote.

Ratok, yaani maombolezo, itumie mara moja tu, ndani ya ngazi ya (c), na iwe fupi. Ikizidi, unarudi kwenye kilio tulichokikimbia mwanzoni.

Saluang nayo isianze kazi. Ije katika ngazi ya (e), noti moja ya chini inayoendelea bila kukatika, huku mwimbaji akivuta pumzi baina ya mistari. Pumzi ya mmoja inakatika, ya mwingine haikatiki. Weka hilo tu, usiongeze mapambo.

Hatua ya 6: Panga urefu

Dakika 12 hadi 15 zinatosha. Robo ya kwanza ni ngazi ya (a), kisha kuondoka na mashimo, kisha karibu nusu nzima ya kazi iwe (d) na (e), na mwisho mfupi wa (f). Gandang iingie mwishoni pekee, kwa kishindo cha chini, bila kuchukua pigo la 1 kutoka kwa paningkah. Ukitaka mamak asikike, ndiye huyo: anakuja, anasaidia, lakini hashiki usukani.

Hatua ya 7: Wapelekee wenyewe kwanza

Kabla ya onyesho la hadhara, waalike akina mama uliozungumza nao, pamoja na mwalimu wako wa talempong. Wapigie kazi nzima kwenye chumba cha kawaida, bila taa wala mavazi. Waandalie chai na kitu cha kula, na usitoe hotuba kabla ya kupiga.

Sikiliza wanachosema kuhusu maisha, si kuhusu muziki. Mama akikuambia "hapo umempumzisha mapema mno", badilisha. Mwalimu akikuambia pigo fulani halipigwi hivyo katika nagari yao, muulize sababu, kisha uamue ukiwa unajua unachokivunja. Mama akiomba kisa fulani kiondolewe, kiondoe siku hiyohiyo bila kujadiliana.

Hatua ya 8: Jukwaa na kurekodi

Paningkah asimame katikati, rea ikionekana kwa watu wote, hata wa viti vya nyuma. Anak awe karibu naye. Nafasi aliyosimama dasar iachwe wazi hadi mwisho. Mtu mwingine asije akasimama pale.

Kwa kurekodi, maikrofoni ya talempong iwe juu ya wapigaji, umbali wa kama mita moja. Ukiisogeza karibu, shaba itachoma masikio na utapoteza mwingiliano wa sauti. Saluang iwekewe maikrofoni kwa ubavu, isielekee mdomoni, la sivyo utapata upepo mtupu. Mwimbaji asimame mbali kidogo na patu. Rekodini wote kwa pamoja. Ukimrekodi kila mmoja peke yake kisha ukaunganisha kwenye kompyuta, lile pigo la 5 linalochelewa na kujirekebisha litakufa.

Ikikwama

*Paningkah anachoka mkono kabla ya ngazi ya (e) kwisha.* Shusha rea sentimita chache na uisogeze karibu na nyonga. Bado anachoka? Punguza kasi ya kazi yote tangu ngazi ya (a), usipunguze katikati.

*Watu wanapiga makofi dasar anapotoka, wakidhani wimbo umekwisha.* Anatoka kwa kuonekana mno. Atoke wakati anak anapiga pigo la 7, macho ya watu yakiwa huko.

*Wazee wa nagari wanauliza kwa nini umekata wimbo wao.* Hilo hutokea ukitumia wimbo wa asili bila kuomba. Tumia mapigo uliyoyapanga upya kwa kanuni ya pacik, na uandike wazi kwenye karatasi ya onyesho jina la nagari na la mwalimu aliyekufundisha, kama ameridhia.

*Fedha za onyesho.* Panga mgawo kabla ya mazoezi ya kwanza: wapigaji, mwimbaji, mwalimu, na akina mama waliokupa siku zao. Uandike kwenye karatasi, na kila mtu abaki na nakala yake.